Wastaafu tunaojirekebishia nyumba wenyewe: tupeane uzoefu, mwili umefaidika au umeumia?

Karai la Babu

Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 66, nilistaafu kwa lazima nilipotimiza 60. Jana bomba la jikoni lilikuwa linadondosha maji usiku kucha, asubuhi nikafunga koki kubwa, nikajikunja chini ya sinki karibu nusu saa nabadilisha washa, kile kimpira cha ndani ya koki. Nilipomaliza nikainuka moja kwa moja. Sikushika sinki wala ukuta. Nikabaki nimesimama na spana mkononi nashangaa, maana miaka minne iliyopita hata kufunga kamba za viatu nilikuwa natafuta pa kushika.

Nilipostaafu nilikaa tu. Kiti cha barazani, redio, chai, usingizi wa mchana. Mwili ukaongezeka, presha ikapanda, goti la kulia likaanza kugoma. Daktari akasema fanya mazoezi. Nikajaribu kutembea alfajiri, ila anayeijua Kimara anajua ile milima na bodaboda zake. Wiki mbili nikaacha.

Kilichonirudisha ni ukuta wa uani. Lipu ya chini ilikuwa inabanduka, fundi akanitajia bei ambayo pensheni yangu haiifikii. Nikanunua mfuko mmoja wa saruji, mwiko, karai, mchanga wa ndoo ndoo. Siku ya kwanza nilibandua kwa patasi na nyundo eneo la ukubwa wa mlango, saa kumi na mbili jioni nimeshalala. Nikawa nafanya kidogo kidogo: leo kubandua, kesho kulowesha ukuta na kurusha lipu, kisha siku saba za kumwagilia asubuhi na jioni. Kazi ya fundi ya siku tatu mimi niliimaliza kwa miezi miwili. Suruali zililegea kiunoni, na goti likanyamaza.

Naamini kabisa nyumba yangu ndiyo iliyonitibu. Wenzangu mnasemaje?

Spana 14

Nakazia. Kustaafu siyo kuketi.

Mama wa Mbezi

Shikamoo mkuu. Mume wangu alikuwa haongei ndani ya nyumba tangu astaafu. Tulipoanza kubadilisha nyavu za mbu madirishani sisi wawili, yeye anapiga misumari, mimi navuta wavu, tukajikuta tunaongea mpaka giza linaingia. Madirisha tisa. Yalipoisha akauliza, "Sasa tunafanya nini kesho?"

Fundi Mwiko

Wazee wangu nawaheshimu, ila semeni ukweli. Sisi vijana tunakula kwa hizo koki na lipu zenu. Mtaani kila mstaafu ameshika mwiko, halafu ikiharibika tunaitwa kurekebisha kwa bei ya kuonewa huruma. Lipu ya mtu asiyejua timazi ni nini, ule uzi wenye uzito wa kupimia ukuta umenyooka, unaibandua yote, gharama mara mbili.

Karai la Babu

Kijana wangu, nimekuelewa. Umeme siugusi, paa silipandi. Hizo ni zako. Lakini washa ya bomba nikuite wewe utoke Temeke?

Spana 14

Mimi nimepata njia ya katikati. Fundi akija namlipa yeye, ila saidia fundi ni mimi mwenyewe. Nachanganya, nasogeza karai, nashika pima maji ya kusawazishia. Yeye kala, mimi nimetoka jasho, na nimejifunza. Nina 69.

Bi Chokaa

Mie nipo Unguja, nyumba ya urithi Mji Mkongwe, mawe ya matumbawe na chokaa. Umri wangu 63. Kila masika yakiondoka twaukagua ukuta, palipovimba twabandua, twapiga chokaa upya. Bibi yangu alifanya, mama alifanya, mie nafanya. Bega langu la kushoto lilikuwa halinyanyuki kusuka nywele, sasa brashi inafika juu ya mlango.

Lakini babu wa Kimara, ile lipu yako kubanduka kwa chini ni unyevu unapanda. Hukuutibu, umeufunika kwa saruji. Ukuta wataka kupumua. Hapa kwetu kila aliyebandika saruji juu ya mawe ya zamani, maji yamekosa pa kutokea, chumvi imejaa ndani, lipu imeanguka na vipande vya jiwe.

Fundi Mwiko

Shangazi, Kimara ni tofali za saruji. Hiyo elimu ya chokaa ni ya huko kwenu.

Bi Chokaa

Unyevu hauna kwao. Mwambie kwanza achimbe mfereji maji ya mvua yasisimame kwenye msingi, ndipo mbishane lipu ya nini. Na anayeshika chokaa avae glavu na miwani, ikiingia jichoni inaunguza.

Fundi Mwiko

La mfereji nakubali. La saruji sikubali.

Mtoto wa Mwalimu

Nimesoma mpaka hapa, mikono inatetemeka. Sikutaka kuandika, ila mama mmoja hapo juu kasema mume wake hakuwa anaongea, nikamwona baba yangu.

Baba ni mwalimu mstaafu, tupo Morogoro. Wakati huo alikuwa na miaka 71. Alikuwa hivyo hivyo mnavyojisifu, kila kitu anafanya mwenyewe, ana nguvu kutuzidi sisi. Mwezi wa nne, mvua haikatiki, boya la simtanki likakwama, maji yanamwagika usiku mzima. Tenki lipo juu ya mnara wa tofali, kama mita mbili na nusu. Nilimwambia kwa simu, baba subiri Jumamosi nakuja. Akasema sawa mwanangu.

Hakusubiri. Alichukua ngazi yake ya mbao aliyoitengeneza mwenyewe, akaiegemeza kwenye mnara, mama akaishika. Ardhi tope. Akapanda, akafungua mfuniko, akang'oa lile boya. Ndani maharage yakaanza kuungua, mama akasikia harufu, akamwambia nakuja sasa hivi. Hatua kumi mpaka jikoni. Aliporudi mlangoni aliona miguu ya ngazi inateleza kwenye tope taratibu, anasema ilikuwa taratibu kabisa, na baba ameshika bomba la kutolea maji. Bomba la plastiki. Likakatika.

Aliangukia ukingo wa mtaro kwa ubavu. Mama alipiga kelele, majirani wakaja, na hapa ndipo naumia mpaka leo: walimnyanyua kwa mikono na miguu, wakamkalisha kwenye bajaji. Kavunjika shingo ya paja, wakamkalisha. Njia nzima ya mashimo. Nilipofika hospitali nilimkuta kwenye benchi, saa nyingi hajaonwa, mkono umefumbwa. Nikaufungua. Bado ameshika lile boya.

Alifanyiwa upasuaji. Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko kuanguka. Baba alikataa kusimama. Wanamletea fremu ya kutembelea, anageukia ukutani. Miezi miwili akakonda, sauti ikapotea, mama analia jikoni. Siku moja kitasa cha mlango wa chumba chake kikakwama, nikaking'oa, kwa hasira nikakiweka kitandani kwake na bisibisi, nikamwambia mwalimu, hiki kimenishinda. Nikatoka. Niliporudi alikuwa amekaa. Skrubu zote amezipanga kwenye kisosi kwa ukubwa. Akasema, "Niletee mafuta ya cherehani."

Kesho yake alisimama kwenda kukifunga mlangoni.

Mama wa Mbezi

Mungu wangu. Poleni sana mwanangu.

Spana 14

Nimetoka nje kuiangalia ngazi yangu. Kesho naipeleka kuni.

Ngazi Fupi

Pole, ila niulize. Watoto mlikuwa wapi? Mzee wa miaka 71 anapanda tenki kwenye mvua, mtoto yupo kwenye simu anasema Jumamosi. Hela ya fundi ingewashinda?

Mtoto wa Mwalimu

Hela ya fundi niliituma siku ile ile. Aliirudisha. Akaandika, "Mimi siyo mgonjwa." Usinifundishe baba yangu.

Ngazi Fupi

Nimeuliza tu.

Bi Chokaa

Hukuuliza, umehukumu. Mwenzio kafungua moyo, wewe wamchimba kidonda. Muombe radhi.

Ngazi Fupi

Naomba radhi dada. Baba yangu mimi alianguka bafuni na nilikuwa chumba cha pili. Nadhani nilikuwa najisema mwenyewe.

Mtoto wa Mwalimu

Yameisha.

Mikono Miwili

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, wagonjwa wangu wengi ni wa umri wenu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, na wenye miaka 65 kwenda juu waongeze mazoezi ya nguvu na ya kujimudu wasianguke, siku tatu au zaidi kwa wiki. Kuchanganya saruji, kupiga randa, kuchutama na kuinuka, vyote vinahesabika. Babu wa Kimara hajakosea.

Jipimeni hivi: kaa kwenye kiti kisicho na mikono, kunja mikono kifuani, simama na ukae kwa sekunde 30, hesabu. Mwanamume wa miaka 65 hadi 69 akipata chini ya 12, au mwanamke chini ya 11, yupo kwenye hatari ya kuanguka. Aanzie chini kwanza, ngazi aiache.

Ndoo ya maji ya lita 20 ni kama kilo 20. Bebeni mbili zenye nusu, mkono huu na huu. Msibane pumzi mnaponyanyua, inapandisha presha ghafla. Wanaotumia dawa za presha, mkitoka kuchutama inukeni kwa hatua, kizunguzungu kipo. Na kifua kikibana, weka nyundo chini uende hospitali, usimalizie msumari.

Aliyeanguka akilalamikia nyonga au mgongo, msimnyanyue hovyo. Mfunikeni, mtafute kitu bapa cha kumlazia, hata mlango.

Fundi Mwiko

Kwa wanaong'ang'ania ngazi: kila mita 4 za kwenda juu, miguu ya ngazi ikae mita 1 kutoka ukutani. Juu ifungwe kamba. Chini kwenye tope weka ubao na vigingi. Na anayeshika ngazi haondoki, hata nyumba ikiungua. Hii natoa bure.

Mama wa Mbezi

Mimi nasema ngazi marufuku baada ya 60.

Bi Chokaa

Mie napanda na nitapanda. Viguzo vitatu, miguu miwili na mkono mmoja, haviachi ngazi.

Spana 14

Kwenye nyumba za zamani zenye paa la asbesto msikate wala kutoboa, ule vumbi unaleta saratani. Bora livuje mpaka apatikane anayejua.

Karai la Babu

Nimejipima kwenye kiti. Kumi na nne. Mke wangu kumi na tatu, naye hajawahi kushika mwiko, ila anateka maji na kufua kwa mkono. Anasema siku zote nilikuwa nayaona mazoezi yangu tu. Kesho tunachimba ule mfereji wa Bi Chokaa wote wawili.

Fundi Mwiko, njoo kwa mlango wa inbox unipe namba, kuna bati mbili zinavuja. Mimi nitakuwa saidia wako, chini.

Fundi Mwiko

Nakuja baba.

Mtoto wa Mwalimu

Nimemsomea mzee uzi wote. Amekaa kibarazani, anatengeneza stuli ya jirani, ya tatu wiki hii. Amesikiliza mpaka mwisho kimya. Nilipomaliza amesema mnara ulikuwa mita tatu, siyo mbili na nusu, nirekebishe.