MREJESHO: Laini ya VDSL (intaneti ya kasi kupitia waya wa simu) iliyokuwa ikikatika kila usiku

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini modemu ikiwashwa alfajiri inashika megabiti 52 kwa sekunde, halafu usiku laini inakatika na kurudi na 38.

Aliyesema niache kupima kasi tu, niandike akiba ya ishara juu ya kelele (ziada ya ishara kupita kiwango cha chini ambacho laini inahitaji ili isikatike) kila saa, ubarikiwe. Alfajiri ilikuwa desibeli 6, saa mbili usiku 1.5. Upotevu wa ishara haukubadilika hata kidogo, kwa hiyo waya wenyewe ni mzima. Kelele inavuja kutoka pea (jozi za nyaya) za majirani kwenye kebo hiyohiyo, modemu zao zikiwashwa. Kumbe kipimo changu cha alfajiri kilikuwa kinanidanganya!

Kubadilisha waya wa ndani hakukusaidia kitu (na nilitoboa ukuta bure). Kilichosaidia ni kumwomba mtoa huduma apandishe akiba lengwa (ile ambayo modemu huiacha inapounganisha, kwa kupunguza kasi) kutoka desibeli 6 hadi 9. Wiki ya tatu sasa haijakatika, ila kasi imebaki 41. Vectoring, teknolojia inayofuta kelele hiyo, kabati letu la mtaani (la vifaa vya mtoa huduma) halina bado.

Asanteni sana.