Riwaya za ndege za kivita: ni fasihi au matangazo ya silaha? Tujadili

Wadau habari zenu. Kuna hoja nakutana nayo kila riwaya za ndege za kivita zikitajwa, kwamba hivi vitabu vya marubani, rada, makombora na manowari za kubeba ndege, ambavyo mwandishi anaweza kukuelezea injini kurasa tatu mfululizo, ni matangazo ya wauza silaha yaliyovalishwa hadithi, na msomaji anamaliza kitabu ameshaipenda vita bila kujijua. Wengine wanajibu aah ni burudani tu, soma, weka pembeni, lala. Mi nakataa zote mbili, na hilo jibu la "burudani tu" linanikera zaidi kuliko lile la propaganda, maana linavifanya hivi vitabu vionekane havina kitu ndani wakati vina kitu kikubwa tu.

Msimamo wangu ni huu. Kinachomvuta msomaji sio bomu, ni kazi. Ni kumwona mtu anayeijua kazi yake vizuri kabisa, ana sekunde chache za kuamua, mtambo umeanza kumgomea na hakuna wa kumuuliza. Riwaya ikikaa hapo ni fasihi kamili kama fasihi nyingine yoyote. Ila siku mtambo ukiacha kugoma, ukawa kila kitu kinafanya kazi sawasawa na adui anaanguka tu kama alivyopangiwa, hapo ndo wanaosema ni tangazo wanakuwa na haki yao na mimi siwezi kuwapinga.

Chukua kutua usiku kwenye manowari ya kubeba ndege. Rubani anakuja na spidi ya kilomita 240 hivi kwa saa, chini yake kuna sitaha inayopanda na kushuka na mawimbi, kuna nyaya nne za chuma zimetandazwa kwa kukata sitaha, na ndoano iliyo chini ya mkia wa ndege inatakiwa inase mmojawapo. Sasa angalia hapa, magurudumu yakigusa sitaha rubani hapunguzi nguvu, anasukuma injini mpaka mwisho, kwa sababu ndoano ikikosa waya inabidi aruke tena kabla sitaha haijaisha, akipunguza na ndoano imekosa basi anaingia baharini. Yaani mtu anayetaka kusimama anaongeza moto! Mwandishi anayejua haya mambo hana haja ya kukuambia rubani anaogopa, anakuambia tu mafuta yamebaki ya jaribio moja na jaribio la kwanza ndoano ilikosa, na wewe mwenyewe unajikuta umekunja vidole.

Na rada ni hivyo hivyo. Wanaosema maelezo ya kitaalamu yanachosha naona hawajaona yanafanya kazi gani kwenye hadithi. Rada inatuma mawimbi ya redio kutafuta vitu, ni kama kurunzi gizani, ukiwasha unaona lakini na wewe unaonekana, tena unaonekana kutoka mbali kuliko unavyoona, kwa sababu wimbi lako linatakiwa liende likagonge kitu kisha lirudi likiwa dhaifu sana, wakati mwenzako anayesikiliza tu analipata likiwa njiani kwenda bado lina nguvu. Halafu yapo makombora yanayofuata wimbi la rada hadi kwenye antena yenyewe. Kwa hiyo kamanda wa kikosi cha ulinzi wa anga kila akitaka kuwasha rada anaweka roho za watu wake rehani, na akiacha kuwasha ni kipofu. Huo ni mgogoro wa kifasihi kabisa, tena mkali, ila msomaji asiyeelezwa rada inafanyaje kazi hawezi kuuhisi. Maelezo ndo yanayobeba wasiwasi wa hadithi nzima, ukiyafuta unabaki na watu wanabonyeza vitufe.

Tuje kwenye hoja ya propaganda sasa, maana hii ndo nzito. Wanaoileta wana ushahidi na tusiwadharau. Aina hii ya riwaya ilishika kasi mwaka 1984 mwandishi wa Marekani Tom Clancy alipotoa kile kitabu chake cha nyambizi ya Kisovieti, The Hunt for Red October, na mchapishaji alikuwa Naval Institute Press, watu wa karibu sana na jeshi la majini la Marekani, ambao hawakuwahi kutoa riwaya mpya kabla ya hiyo. Clancy mwenyewe alikuwa wakala wa bima, hakuwahi kutumikia jeshi, na Rais Reagan wa Marekani akakisifu kitabu hadharani. Nyaraka za Uingereza zilizofunguliwa baadae zinaonyesha Reagan huyohuyo mwaka 1986 alimshauri Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, asome riwaya nyingine ya Clancy, ya vita kuu ya tatu, ili aelewe nia za Wasovieti. Rais anamshauri waziri mkuu mwenzie asome riwaya ili aelewe adui! Hapo ukiniambia ni burudani tu nitakushangaa.

Lakini wanaopinga wanasahau kwamba mwaka huohuo wa 1986, mchapishaji yuleyule, akatoa riwaya ya Stephen Coonts, Flight of the Intruder, na huyu alikuwa rubani kweli, aliruka na A-6 Intruder kwenye vita vya Vietnam. A-6 ni ndege ya watu wawili, rubani na mlenga mabomu wanakaa bega kwa bega. Kitabu kinaanza na misheni ya usiku kwenda kupiga shabaha isiyo na maana yoyote, na mlenga mabomu anakufa pale pale pembeni ya rubani kwa risasi iliyotoka chini. Rubani anarudi na maiti ya mwenzake na swali moja, tumekufa kwa ajili ya nini? Hilo swali linakitawala kitabu, mpaka jamaa anaamua kwenda kupiga Hanoi bila amri ya mtu. Unaweza kubishana na uamuzi wake, mi mwenyewe nabishana nao, lakini usiniambie hilo ni tangazo la silaha. Ndege pale inafanya kazi vizuri na bado kila kitu kimeharibika, kwa sababu waliowatuma hawajui wanachotaka.

Linganisha na zile za ndege ya ajabu. Craig Thomas mwaka 1977 aliandika kuhusu ndege ya Kisovieti isiyoonekana kwenye rada ambayo silaha zake zinaongozwa kwa mawazo ya rubani. Inasomeka vizuri, siwezi kukataa, sehemu ya kuikimbiza ndege kutoka ndani ya Urusi imeandikwa kwa ustadi. Ila mwaka mmoja kabla ya hapo, Septemba 1976, rubani wa Kisovieti Viktor Belenko alikuwa ametoroka kweli na ndege ya kivita ya MiG-25 akatua nayo Hakodate, Japani, na wataalamu wa Marekani walipoifungua ile ndege iliyokuwa imewatisha miaka yote wakakuta sehemu kubwa ni chuma cha nikeli badala ya titani ambayo ni nyepesi, na ndani vifaa vya elektroniki vya teknolojia ya zamani ya valvu, yale mataa ya kioo ya kabla ya transista. Ukweli ulikuwa na hadithi nzuri kuliko ya kubuni: ndege nzito, yenye spidi ya kutisha, imejengwa na watu waliobanwa na uwezo wao wakatafuta njia. Mi ningetaka riwaya ya hiyo ndege, ya fundi aliyekuwa anaihudumia, kuliko ya ndege inayosoma mawazo.

Na hapa ndo ubaya wa riwaya za mtambo usiogoma, zinatufundisha vibaya kuhusu teknolojia yenyewe. Msomaji wa miaka ya 80 na 90 aliaminishwa kwamba ndege ya kukwepa rada haiguswi. Tarehe 27 Machi 1999 kikosi cha Serbia kilichoongozwa na Zoltán Dani kikaiangusha F-117, ndege ya Marekani ya aina hiyo, kwa kombora la mfumo wa kutungulia ndege wa S-125, mfumo ulioanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 60. Waliwezaje? Kwa nidhamu. Rada inawashwa kwa sekunde chache tu kisha inazimwa, kikosi kinahama hama, watu wamefundishwa hadi mikono inajua. Ni kile nilichokuwa nasema hapo juu kuhusu kurunzi. Baada ya miaka Dani, ambaye alikuja kuwa mwokaji mikate, akakutana na rubani wa ile F-117 aliyoitungua, Dale Zelko, wakawa marafiki na familia zao zikatembeleana. Niambieni ni mwandishi gani wa ndege za ajabu angethubutu kuandika hivyo, mhariri angemrudishia akasema haiaminiki.

Kuna mkuu mmoja atauliza, na ana haki ya kuuliza, mbona hujasema kuhusu wanaopigwa? Hii ndo hoja ninayoiona ya kweli kuliko zote na wapenzi wa hizi riwaya tunaikwepa sana. Kwenye chumba cha rubani dunia ya chini ni mstari wa kijani kwenye skrini. Tarehe 13 Februari 1991 ndege za F-117 zilidondosha mabomu mawili ya kuongozwa kwa leza kwenye jengo la Amiriyah, Baghdad, na mabomu yakaingia palepale yalipolengwa bila kukosea. Ndani mlikuwa na raia waliojificha, zaidi ya 400 wakafa, wengi wanawake na watoto. Kila kipengele cha mtambo kilifanya kazi. Mwandishi anayekupa ufundi wa leza kurasa kumi halafu anakata tukio pale bomu linapofika, huyo ameficha nusu ya kazi ya rubani wake, na kwangu mimi hilo ni kosa la kiuandishi kabla hata halijawa la kimaadili, kwa sababu ameahidi kutuonyesha jinsi kitu kinavyofanya kazi kisha akafunga pazia kinapofanya kazi.

Lakini dawa yake sio kuacha kusoma. Wanaosema vijana wasipewe hivi vitabu wanasahau kwamba mtu asiyejua lolote kuhusu hii mitambo ndo rahisi kudanganywa na msemaji wa jeshi akisema "shambulio la uhakika". Aliyesoma anajua kuuliza, uhakika wa nini? Bomu lilifika ulipolenga, sawa, nani alikwambia mle kuna nini? Na kuna jambo jingine, mwaka 1994 Clancy aliandika ndege ya abiria ikirushwa makusudi kwenye bunge la Marekani, na baada ya Septemba 11, 2001 ripoti ya tume ya uchunguzi iliandika kwamba Richard Clarke, aliyekuwa akiratibu mambo ya ugaidi Ikulu ya Marekani, alisema kufikiria kwake hatari ya namna hiyo kulitokana zaidi na riwaya za Clancy kuliko na maonyo ya mashirika ya ujasusi. Hiyo sio sifa kwa Clancy peke yake, inaonyesha akili ya mwandishi anayejiuliza "hivi hiki kitu kinaweza kufanya nini kingine" inafika mahali ambapo ofisi haifiki.

Wanaosema wahusika ni wabovu, hasa wanawake na maadui, sina ubishi, kwenye vitabu vingi ni kweli na waandishi wa sasa waliache hilo.

Kwa hiyo kwa upande unaosema ni matangazo, naomba tusibishane kwa jumla jumla. Mtu alete riwaya moja aliyoisoma mwenyewe, atuambie mtambo ulifeli ukurasa wa ngapi, nani alilipa uliposhindwa, na bomu lilipotua mwandishi alibaki pale au aliondoka na ndege. Mi naanza na hiyo ya Coonts, aliyeisoma na anaona nimeisoma vibaya aje tuichambue, hasa hiyo safari ya Hanoi, maana najua wapo wanaoona pale ndo kitabu kiligeuka na kuanza kuhalalisha kila kitu.