Dawa iliyobaki kwenye kichupa: alipe nani?

Mleta mada: Wadau, nina bili mkononi. Baba anaugua mailoma, ile saratani ya uboho wa mifupa, na amewekwa kwenye bortezomibu. Dozi yake hupigiwa hesabu kwa eneo la mwili: miligramu 1.3 kwa kila mita ya mraba. Mzee ana mita 1.7, kwa hiyo anachomwa miligramu 2.2. Kichupa kina 3.5. Bili inasema kichupa kizima. Nikamuuliza nesi iliyobaki imekwenda wapi. "Tumeitupa, kaka." Basi, kama mtu anayeulizwa maganda.

Bei ya dawa yenyewe siigusi leo. Nasema hivi tu: kisichoingia mwilini mwa mgonjwa kisiandikwe kwenye bili yake. Mnasemaje?

Mfamasia: Pole kwa kuuguza. Ila tusimwonee nesi. Dawa hiyo huja ikiwa unga, haina kihifadhi, na ukishaichanganya una saa 8 za kuitumia. Masalia ya jana huwezi kumchoma mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka, hilo halina mjadala. Na hospitali nayo ilinunua kichupa kizima, haikununua miligramu 2.2. Mkikataa kulipia mabaki, gharama itawarudia kwa mlango mwingine: ada ya kumwona daktari, kitanda, dripu.

Kingine, hapo palipoandikwa "dawa" mara nyingi pamebeba mengi: kabati maalumu la kuchanganyia, glavu, wafanyakazi wawili wanaohakiki dozi, utupaji wa taka zenye sumu. Hayo yote yana gharama, sema hayana mstari wake.

Mleta mada: Hapo ndipo umezidi kunikera, ndugu mfamasia! Kama kazi yako haina mstari wake kwenye bili, mimi nitajuaje ninalipia utaalamu wako au ninalipia uchafu wa pipa? Iandikeni. Nitailipa bila kununa.

Mchangiaji: Mnagombana watu wa chumba kimoja. Ukubwa wa kichupa hauamuliwi na hospitali, unaamuliwa na mtengenezaji. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la BMJ lilitoa uchambuzi uliokadiria kwamba, kwa Marekani peke yake, mabaki ya dawa za saratani zinazouzwa kwa vichupa vya dozi moja yangeziingizia kampuni za dawa dola bilioni 1.8 kwa mwaka huo. Dawa imemwagwa, pesa imeingia. Hiyohiyo bortezomibu, Marekani ilikuwa kwenye kichupa cha 3.5 tu, wakati Uingereza kulikuwa pia na cha miligramu 1. Baadaye Marekani wakatunga sheria: kuanzia 2023, kwa nyingi ya dawa hizi, mabaki yakizidi asilimia 10 kampuni inairudishia fedha Medicare, yaani bima ya serikali ya wazee. Jibu la "alipe nani" lipo, ila mgonjwa anayelipa kutoka mfukoni hana wa kumdai.

Muuguzi wa wodi ya kemo: Njia ya kupunguza ipo. Wapange wagonjwa watatu wa dawa moja siku moja. Watatu wenye mwili kama wa mzee wako wanahitaji miligramu 6.6, vichupa viwili vinatosha badala ya vitatu. Tatizo ni kwamba wagonjwa si matofali. Mmoja ana homa, mwingine nauli imekwama, wa tatu mzunguko wake wa dawa unaangukia Alhamisi. Wawili wasipotokea, hesabu imekufa.

Mpinzani: Samahani, nyote mnakinga matone wakati ndoo imetoboka. Chukueni imatinibu, ya saratani ya damu. Ni kidonge. Hakina kichupa, hakina mabaki, hakihitaji kabati. Ilipoingia sokoni Marekani mwaka 2001 ilikuwa kama dola 26,000 kwa mwaka wa matibabu, na miaka 15 baadaye ilikuwa imepita 120,000. Kidonge ni kilekile. Hapo mtaniambia gharama ya glavu ilipanda?

Mleta mada: Kwenye kidonge umenishika, sibishi. Ila bei ya kampuni mimi siwezi kuifikia, hata nikipiga kelele mpaka koo likauke. Bili ya hospitali inafikika, kuna dirisha na kuna mtu nyuma yake. Ndiyo maana nimeanzia hapo.

Mfamasia, nijibu na hili, maana sikulisema mwanzo. Wiki ya tatu damu ya baba ilipimwa, chembe sahani, zile za kugandisha damu, zikaonekana ziko chini mno, dozi ikaahirishwa. Hakuchomwa hata tone. Kichupa tulilipishwa.

Mfamasia: Hapana, hapo sitetei. Dawa haichanganywi kabla majibu ya damu hayajatoka na daktari hajaridhia. Likitokea, ni kosa la kituo, na kosa la kituo halipandi kwenye bili ya mgonjwa. Una uhakika na mfuatano wa saa?

Mleta mada: Ninayo karatasi. Kuchanganya, saa tatu na robo. Majibu ya maabara, saa nne kasorobo.

Muuguzi wa wodi ya kemo: Ipige picha hiyo karatasi leo, kaka. Halafu nenda nayo dirishani.