Nitaitambuaje sanamu ya mdudu iliyofuata maumbile?

Swali: Ndugu wakusanyaji, ninapenda sana sanamu ndogo za plastiki za wadudu na jamaa zao. Nitazame nini kabla ya kununua?

Jibu la 1: Igeuze kwanza uone upande wa chini, kwa sababu miguu 6 ya mdudu yote hutoka kifuani wala si tumboni, na hapo ndipo wachongaji wengi hukosea. Tandu awe na jozi moja ya miguu kwa kila pingili, ilhali jongoo huwa na jozi mbili katika pingili nyingi. Mimi hufurahi mno nikiona hilo limezingatiwa.

Jibu la 2: Nakubaliana nawe. Nge naye ana miguu 8, mbali na magando. Zihifadhi mbali na jua, maana plastiki laini ikipata joto huweza kutoa vilainishi vyake ikaanza kunata.