Mwenye shahada ya uhasibu asamehewe pepa za bodi, au aanze chini kama wengine?

Vocha Saba
Wakuu, naomba mnijibu kwa ukweli. Nimesoma uhasibu chuoni hadi shahada: gharama, kodi, ukaguzi, sheria ya makampuni, yote nimepasi. Sasa nataka kuwa mhasibu aliyesajiliwa, yule ambaye saini yake inaaminika. Nimeambiwa ukiwa na shahada unaweza kusamehewa pepa za chini za bodi ya wahasibu, yaani usizifanye kabisa. Nimekutana pia na wanaosema msamaha huo ni njia ya panya, kila mtu aanzie mwanzo. Mimi naona kumkalisha mwenye shahada mtihani wa debiti na krediti ni kumdharau yeye na waliomfundisha. Mnasemaje?

Kalamu Nyekundu
Dharau bado hujaiona, mdogo wangu. Ngoja ufike kwenye miezi 36 ya kazi chini ya msimamizi, ndipo utajua shahada yako ina uzito gani. Mimi siku ya kwanza nilikabidhiwa boksi la vocha, hati za malipo, nikaambiwa "weka tiki". Nimeweka tiki miaka mitatu. Msimu wa kufunga hesabu unatoka ofisini saa sita usiku, na Jumamosi asubuhi uko darasani macho mekundu. Na huo msamaha mnaousifia unaulipia, pepa moja moja, ada ya mtihani ambao hukuufanya. Hii ni biashara.

Nyota ya Asubuhi
Kwenye ada umenigusa. Nimesamehewa pepa tano na nimetakiwa nilipie zote tano. Nalipia nini hasa? Hakuna karatasi niliyojibu, hakuna aliyeisahihisha.

Mama Mizania
Nyota mwanangu, ada hiyo sitaitetea, hata mimi iliniuma. Ila Vocha ameuliza jambo jingine. Chukua ACCA, chama cha wahasibu cha Uingereza, kwa mfano: pepa ni 13, na mwenye shahada inayofaa anaweza kusamehewa hadi 9. Zile 4 za juu hazina msamaha, hata uwe na shahada tatu. Mimi nilirudi kwenye mitihani nikiwa na watoto wawili, nikaruka zote 9, nikaingia moja kwa moja kwenye ripoti za fedha za ngazi ya juu. Nikaanguka mara mbili. Chuoni nilisoma mikataba ya ukodishaji kwa IAS 17, kiwango cha zamani cha kimataifa cha uhasibu: unakodi jengo, kodi yake unaiandika gharama, mizania haiguswi. Mtihani ulikuwa wa IFRS 16, kiwango kilichochukua nafasi yake kuanzia Januari 2019, kinachotaka uingize kwenye mizania haki ya kulitumia lile jengo na deni lake pia. Sikuwa mjinga. Elimu yangu ilikuwa imelala, na msamaha ulinizuia kuiamsha mapema.

Fundi wa Hesabu
Kalamu, hiyo "miaka mitatu ya tiki" imenichoma. Tiki moja kwenye vocha inasema: nimeiona hati halisi, kiasi kinalingana, tarehe ni ya mwaka huu wa hesabu, aliyelipwa ndiye aliyestahili, aliyeidhinisha ana mamlaka, na imeingizwa akaunti sahihi. Kama uliweka tiki bila kuangalia hayo, umejidhulumu mwenyewe. Halafu Vocha, usajili peke yake haukupi ruhusa ya kutia saini ripoti ya ukaguzi. Leseni ya ukaguzi ni hatua nyingine, na inakuja na masharti yake. Na watu wasitudai tukamate kila mwizi. Jaji mmoja wa Uingereza alishalisema hilo zamani, miaka ya 1890 na kitu: mkaguzi ni mbwa mlinzi, si mbwa msasi.

Kalamu Nyekundu
Umeniita mbwa?

Fundi wa Hesabu
Sikukuita wewe. Nimenukuu hukumu.

Kalamu Nyekundu
Mkuu, umeanza na mimi kwa jina, umesema nimejidhulumu, kisha ukamalizia na mbwa. Sisi wengine tulilelewa kwenye nyumba ambayo mtu mzima akikwambia neno hilo mambo yamekwisha. Nimefanya kazi hiyo kwa jasho langu. Msimamizi wangu hakuwahi kunieleza hata siku moja kwa nini naangalia tarehe. Nilijifunza kwa kukosea mbele ya mteja, nikafokewa mbele ya mteja. Wewe ulipata mwalimu, shukuru.

Mtunza Stoo
Mimi si mhasibu, natunza stoo, lakini acheni niseme. Mwaka mmoja walikuja vijana wawili wa ukaguzi tukifunga hesabu. Wakahesabu maboksi ya mbele, wakazidisha kwa mistari ya nyuma, wakaandika. Katikati ya lundo palikuwa wazi. Mzigo ulitoka kwa haraka, kuta za maboksi zikabaki zimesimama. Hakuna aliyepanda ngazi. Miezi minne baadaye upungufu ukaonekana, nikahojiwa mimi siku tatu kama mwizi, wakati karatasi yao yenye tiki ilisema mzigo upo. Kwa hiyo mbwa mlinzi, mbwa msasi, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba siku ile hakuna aliyebweka.

Fundi wa Hesabu
Naona neno "mbwa" litatulaza hapa. Kesi ni ya Kingston Cotton Mill, mwaka 1896, jaji ni Lopes. Alikuwa anatukinga, si kututukana. Maana yake mkaguzi hatakiwi kuanza kazi akiwa tayari ameamua kwamba kila mtu ni mwizi.

Nyota ya Asubuhi
Lakini Fundi, kinga hiyo si imekuwa kubwa mno? Siku hizi viwango vya ukaguzi vinasema mkaguzi apate uhakika wa kuridhisha kwamba taarifa hazina kosa kubwa, liwe la bahati mbaya au la udanganyifu. Udanganyifu umetajwa wazi. ISA 240, kiwango cha ukaguzi kuhusu udanganyifu, nimeikariri hadi ndotoni.

Mama Mizania
Mnabishana juu ya mbwa na kesi yenyewe hamjaieleza. Ilikuwa ni stoo! Meneja wa kiwanda cha pamba alikuwa akikuza thamani ya mzigo uliobaki, mwaka baada ya mwaka, na wakaguzi wakachukua cheti chake kama kilivyo. Mahakama ikasema hawakukosea kumwamini. Tukakaa hivyo hadi 1938, Marekani, kwenye kampuni ya dawa ya McKesson & Robbins. Mkubwa wake alikuwa tapeli aliyetumia jina la bandia, na vitabu vilionyesha bidhaa za mamilioni ya dola ambazo hazikuwamo kwenye ghala lolote. Hapo ndipo taaluma ikabadili taratibu: mkaguzi aende akashuhudie hesabu ya stoo kwa macho yake, na awaandikie wadaiwa wa kampuni yeye mwenyewe.

Kwa hiyo kaka Mtunza Stoo, wale vijana walikuwa na wajibu wa kupanda ngazi, na wewe ulionewa. Ninaowasimamia leo nawaambia: chagueni maboksi wenyewe, msichaguliwe. Fungueni. Toeni kitu sakafuni mkitafute kwenye orodha, kisha chukueni kilicho kwenye orodha mkakitafute sakafuni. Njia ya kwanza inafichua kilichosahaulika kuandikwa, ya pili inafichua kilichoandikwa na hakipo. Hii hakuna chuo kilichonifundisha nikaielewa. Niliielewa nikiwa na vumbi kichwani.

Pamba Nyeupe
Samahanini kuingilia. Mnaongea kana kwamba kila mhasibu aliyesajiliwa ni mkaguzi. Wengi wetu hatukagui. Mimi nasimamia fedha za kiwanda. Kazi yangu ni kujua Jumatatu kama Ijumaa hela ya mishahara itakuwepo, kumwambia mkurugenzi kwamba bei anayouzia haifikii gharama, na kukaa na benki tukiomba muda. Pepa zilizonijenga kwa kazi hii ni zile za chini, gharama na bajeti, hizo hizo mwenye shahada anazosamehewa. Nadhani hapo ndipo swali la Vocha lilipo.

Kalamu Nyekundu
Mama Mizania nakuheshimu, ila usitupambe. Hizo taratibu zote zilikuwepo, mbona Enron, ile kampuni ya nishati ya Marekani, ikaanguka 2003 na wakaguzi wake wamekaa humo humo ndani? Waliona, wakanyamaza, kwa sababu anayekulipa ndiye unayemkagua.

Nyota ya Asubuhi
Enron ni Desemba 2001.

Kalamu Nyekundu
Haya, 2001. Je, hela hawakula?

Fundi wa Hesabu
Walilipwa, na hilo halina ubishi. Mwaka 2000 Arthur Andersen, kampuni iliyowakagua, walilipwa na Enron dola milioni 25 kwa ukaguzi na dola milioni 27 kwa kazi nyingine, ushauri na mengineyo. Hiyo ya pili kuwa kubwa kuliko ya kwanza ndiyo iliyowashtua watu. Mwaka 2002 Marekani ikatunga sheria ya Sarbanes-Oxley, ikakataza kazi nyingi za pembeni kwa mteja unayemkagua. Na Andersen walitiwa hatiani kwa kuharibu nyaraka, kisha Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta hukumu hiyo mwaka 2005.

Kalamu Nyekundu
Ikawasaidia nini?

Fundi wa Hesabu
Haikuwasaidia. Kampuni ya watu wapatao 85,000 ilikuwa imeshatawanyika. Na wengi wao hawakuwahi kuligusa faili la Enron. Ndiyo maana nakasirika ukisema tiki ni mchezo. Kosa la meza moja liliwafukuzisha kazi watu wa mabara yote.

Mtunza Stoo
Na waliowekeza akiba zao za uzeeni kwenye hisa za Enron je? Mbona unawalilia wahasibu tu?

Fundi wa Hesabu
Umenikamata. Nilipaswa kuanza na hao.

Vocha Saba
Jamani, mimi niliuliza kuhusu msamaha wa pepa. Nimesoma yote, nimejifunza, ila nina fomu mbele yangu na sijui nijaze nini.

Kalamu Nyekundu
Jaza unachotaka, watachukua ada vyovyote.

Mama Mizania
Vocha mwanangu, msinitafsiri vibaya, sisemi msamaha ufutwe. Nasema usiuchukue kwa kiburi. Keti na mtihani uliopita wa kila pepa unayosamehewa, jiwekee muda wake, saa mbili au tatu, jisahihishe bila huruma. Ukipata 50, ambayo ndiyo alama ya kupasi, chukua msamaha wako na usione haya. Usipofika, kaifanye. Ya ukaguzi mimi ningekushauri uifanye hata ukifaulu nyumbani, maana pepa ya juu ya ukaguzi huwaangusha zaidi ya nusu ya wanaoikalia. Na ukishasajiliwa haiishi hapo. Kila mwaka unadaiwa saa 40 za kujiendeleza, na unathibitisha ulivyojifunza. Anayedhani atasoma mara moja akae amepotea njia.

Nyota ya Asubuhi
Mama, hiyo ya saa tatu nimeifanya sasa hivi kwa pepa ya kodi, huku mkigombana. Nimepata 38. Nilikuwa nimeilipia ada ya msamaha juzi.

Mama Mizania
Waandikie leo hii, omba kuuachia msamaha huo wa kodi. Usingoje kesho.

Mtunza Stoo
Mama Mizania, hayo ya kutoka sakafuni kwenda kwenye orodha na kurudi nimeyaandika kwenye daftari langu. Mwaka huu wakija nitawasogezea ngazi mwenyewe kabla hawajaniomba. Sitahojiwa tena siku tatu.

Kalamu Nyekundu
Fundi, nimetafuta hiyo hukumu ya 1896 nikaisoma. Nakubali jaji alikuwa upande wetu. Na nakubali hakuna aliyenieleza ile tiki ilikuwa na mambo sita ndani yake, ningejua ningeifanya kazi ile kwa moyo mwingine. Ila lile neno bado sijalimeza.

Fundi wa Hesabu
Basi nisamehe kwa neno. Hukumu nitaendelea kuinukuu.