Mdogo wangu ana MS, amepata nafuu anataka kuacha dawa. Nimwambieje?

MamaTumaini: Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Niko Pasua, Moshi. Mdogo wangu ana miaka 29. Mwaka jana jicho moja lilififia, likarudi baada ya wiki kadhaa. Mwezi wa tatu miguu ikafa ganzi. Kipimo cha MRI kikaonyesha makovu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Tukaambiwa ni MS (multiple sclerosis), yaani kinga yake inashambulia utando wa mafuta unaofunika mishipa ya fahamu. Sasa anatembea mwenyewe hadi sokoni, anasema mwili umejitibu, dawa ya nini? Shangazi anasema karogwa. Usingizi sipati.

Njiro_Kwetu: Pole sana dada. Mimi nilipooza miguu na mikono 2019 baada ya kuharisha vibaya, nikalazwa, leo naendesha bodaboda. Mwache apumzike kutumia madawa.

MuuguziRau: Kaka Njiro, Mungu ashukuriwe, ila maelezo yako yanafanana na ugonjwa wa Guillain-Barré. Ule hupiga mishipa iliyo nje ya ubongo na uti wa mgongo. Huko utando hutengenezwa na seli za Schwann, hodari sana wa kuurudisha, na wengi huugua mara moja tu. MS ni habari nyingine.

Ubongoni fundi wa utando ni seli ziitwazo oligodendrosaiti. Seli moja inaweza kufunika vipande hadi 50 vya nyuzi za fahamu, kwa hiyo ikifa, nyuzi nyingi hubaki kama waya uliochunika. Na dada, mdogo wako hajakosea kabisa: zipo seli changa zinazosogea kwenye jeraha, zinakomaa, zinafunika upya. Utando mpya ni mwembamba lakini taarifa hupita. Nafuu nyingine ni uvimbe kushuka tu. Shida ni kwamba kinga hurudi kupiga, umri nao ukisogea ukarabati unalegea, na uzi uliokaa wazi muda mrefu hufa. Ukishakufa haurudi. Mwaka 2018 watafiti wa Sweden walionyesha hata hizo oligodendrosaiti, kwenye MS, huwasha jeni za kinga, kwa hiyo huenda nazo zinachangia vita.

Dawa haijengi utando. Inazuia mashambulizi ili mafundi wafanye kazi. Asiache bila kuongea na daktari wake, nakuomba.

MamaTumaini: Asante dada yangu. Shida nyingine ni bei.

MuuguziRau: Mwulizeni daktari kuhusu dawa ya rituximab. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa MS mwaka 2023, na zipo nakala zake za bei nafuu.

Njiro_Kwetu: Dada, nafuta ushauri wangu. Mkipata miadi Arusha nitawapokea stendi.

MamaTumaini: Ubarikiwe kaka. Kliniki ni Alhamisi, namsomea haya usiku huu, na shangazi akiwepo.