Mfumo endeshi upi kwa steshenari na simu ya kazi: Windows, Linux, Android au iPhone?

Steshenari_Moshi (mleta mada)
Wanajamvi, habari za kazi. Ninaendesha duka la steshenari karibu na stendi ya Moshi, ambako tunachapa barua na wasifu, tunatoa nakala na kuwajazia watu fomu mtandaoni. Kompyuta zetu ni Dell za mtumba zenye prosesa za Intel za kizazi cha 6, na zote zinatumia Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuipatia masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inazikataa, kwa kuwa inataka kizazi cha 8 na kuendelea pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Je, ninunue kompyuta nyingine au nihamie Linux? Aidha, nahitaji simu ya kupokelea mafaili ya wateja kwa WhatsApp, na ninasita kati ya Android mpya ya bei ya kati na iPhone iliyotumika. Naomba sababu, si mapenzi ya chapa.

Fundi_Ngarenaro
Ndugu mleta mada, mimi ni fundi wa kompyuta hapa Arusha, na msimamo wangu ni kwamba mashine nzima haipaswi kutupwa kwa sababu tu kampuni imeweka tarehe. Kompyuta ya kizazi cha 6 yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD inaendesha Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux, bila taabu, na matoleo ya Mint yanayojengwa juu ya Ubuntu LTS (Linux nyingine, katika toleo lake la kudumu muda mrefu) hupewa masasisho kwa miaka 5 bila malipo.

Kwa steshenari kuna faida nyingine ambayo watu hawaipi uzito, nayo inahusu flash za wateja. Kila fundi anavijua virusi vinavyoficha folda na kuacha shotikati mahali pake: mteja akibofya, kompyuta inaambukizwa, na flash ya mteja anayefuata inaondoka na ugonjwa uleule. Virusi hivyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo ndani ya Linux havifanyi kazi, na mara nyingi folda zilizofichwa huonekana zikiwa salama. Kwa duka linalopokea flash za watu wasiofahamiana kuanzia asubuhi hadi jioni, hoja hii peke yake inatosha kunishawishi.

Mhasibu_Arusha
Fundi amesema kweli kuhusu virusi, lakini amelipita haraka jambo linalomlisha mleta mada, yaani karatasi inayotoka kwenye printa. Mteja analeta wasifu ulioandikwa kwa Word, wenye fonti za Calibri na Cambria. LibreOffice, programu ya ofisi inayotumika kwenye Linux badala ya Word, isipozikuta inaweka nyingine, mistari inasogea, jedwali linakatika, na kurasa 2 zinakuwa 3. Mteja anayewahi basi hatakuwa na subira ya kusikiliza maelezo ya fonti. Zaidi ya hapo, programu za uhasibu kama TallyPrime zimeundwa kwa ajili ya Windows. Ritani za TRA huwasilishwa kwa kivinjari, hivyo hapo sina pingamizi na Linux. Hata hivyo, ushauri wangu ni anunue angalau kompyuta moja ya mtumba ya kizazi cha 8. Mpango wa masasisho ya nyongeza ya usalama ya Windows 10 kwa watumiaji wa nyumbani ulipangiwa kuishia Oktoba 2026, na sioni busara ya kuutegemea dukani.

Fundi_Ngarenaro
Mhasibu, tatizo la fonti lina dawa. Carlito na Caladea zilichorwa kwa vipimo vilevile vya Calibri na Cambria, na Liberation inashika nafasi ya Times New Roman na Arial. Zote ni za bure, na zikiwekwa, mistari ya barua ya kawaida hubaki mahali pake. Kuhusu majedwali tata na makro (amri zinazojiendesha) za Excel nakubaliana nawe kabisa.

Kiongozi_Safari
Nami niseme kuhusu simu. Sifa kubwa ya iPhone ni kwamba toleo jipya hufika kwa simu zote zinazokubaliwa kwa wakati mmoja, bila kumsubiri mtengenezaji mwingine. Lakini unayonunua imetumika, na umri wake umekwisha kuliwa: iPhone X ya mwaka 2017 iliishia iOS 16 (iOS ni mfumo endeshi wa iPhone), na XR na XS za 2018 ziliachwa nje ya iOS 26 iliyotoka 2025, ilhali iPhone 11 ya 2019 bado imo. Kwa upande wa Android, Samsung iliahidi Galaxy A16 ya 2024 miaka 6 ya masasisho, na kwa bei yake sijaona hoja ya kuishinda. Simu nyingine nyingi za bei nafuu hupewa muda mfupi zaidi, hivyo uliza kabla ya kulipa.

Kwa kazi yako kuna jambo la ziada: Android ukiiunganisha kwa waya, mafaili yake yanafunguka kwenye Windows na Linux karibu kama ya flash, na simu nyingi zinapokea laini mbili za kadi.

Mwalimu_Tengeru
Msisahau vijana wanaochapa. Wamejifunza Windows, na wiki za mwanzo watakuwa wazito. Wapewe muda huo kabla ya msimu wa maombi ya vyuo, si katikati yake.

Steshenari_Moshi (mleta mada)
Nashukuru. Simu nachukua Android. Kompyuta zilizopo nitaziwekea Mint, na moja ya kizazi cha 8 nitaitafuta kwa ajili ya Word na Excel. Fundi, printa zangu ni Epson za tangi la wino na HP moja ya leza, zitakubali?

Fundi_Ngarenaro
Anzisha kompyuta kwa flash yenye Mint bila kugusa Windows iliyomo, kisha jaribu kuchapa na kuskani. Epson ina draiva za Linux kwa nyingi za aina hiyo. HP inahudumiwa na HPLIP, yaani draiva za HP za Linux, ila baadhi ya leza zake zinadai programu-jalizi inayopakuliwa kando. Ipakue ukiwa na intaneti ya uhakika, maana bila hiyo printa inaweza kuonekana kwenye orodha na bado isichape.